Boti Niliyoinyima Maji

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, kwa sababu Naivasha nzima inajua na hapa Nakuru habari imeshaanza kufika: yule jamaa wa kwenye video, aliyemzamisha babake mzazi na boti nyekundu inayong'aa, mbele ya mchungaji na kwaya ya akina mama, halafu boti ikaenda kukalia paa la choo cha jirani, ni mimi. Chekeni tu. Hata mimi nikiiona hucheka kidogo, halafu nazima simu.

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi kando ya ziwa kwa mzungu mmoja, kazi yake ikiwa kutunza boti ya tanga, na si hizi za injini zinazopeleka watalii kuona viboko, hapana, hii ilikuwa ya mbao, na mlingoti, na kajumba ndani kenye vitanda viwili na jiko la kuchemshia chai, boti ya mtu kusafiri na kulala humo humo. Mzungu alipozeeka akarudi kwao, akamwachia Baba boti (wenzake waliachiwa ng'ombe, wakamcheka mpaka wakachoka), na tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa Baba alimchukua Mama wakazunguka nayo polepole, bila kelele, wakinywa chai. Mama alipofariki tukamzika kwenye shamba letu, chini ya mparachichi. Halafu ziwa likaanza kupanda. Mlisikia nyinyi wenyewe. Lilichukua mahindi, likachukua nyumba, na mwishowe likachukua kaburi, ukabaki mparachichi peke yake katikati ya maji, umekauka, ndege weusi wamekaa juu yake.

Baba akahamia kwa dada yangu Nyambura, anayefanya kazi kwenye shamba la maua, na boti ikavutwa na trakta ikawekwa uani kwake juu ya mawe. Miaka ikapita, jua likaila. Mwaka mmoja daktari akatuambia moyo wa mzee umechoka, tusimsumbue sana, na siku hiyo hiyo Baba akaniita akaniambia, "Kamau, nataka kwenda kwa mamako." Nilidhani anaongelea kifo nikaanza kumtuliza, akanikata. "Sijasema kufa. Nimesema unitengenezee boti, unipeleke pale kwa mti, nimsalimie."

Nikamwambia boti za kukodi ziko, dakika chache tutakuwa pale. Akakataa. "Mke wangu siendi kumwona na taxi."

Sasa, kazi yangu mnaijua. Mimi ni fundi wa bodi, napuliza magari rangi, niletee Probox imegongwa kama mkebe wa soda na nitakurudishia ukidhani imeshuka kutoka melini. Kwa hiyo nilipoenda uani kwa Nyambura nikaikagua ile boti, mbao zimekauka na kuachana mpaka ukichungulia upande huu unaona kuku wakitembea upande ule, sikuogopa hata kidogo. Niliona tu kazi ya msasa, rangi na bodifila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya magari.

Baba aliletewa kiti akakaa pembeni, akanieleza jinsi inavyofanywa. Unaweka pamba kwenye nyufa, taratibu, usiishindilie, halafu unaisukuma boti kwenye maji ya magotini unaiacha ijae, izame kabisa, ilale pale wiki mbili hivi ikinywa. Mbao zitavimba, nyufa zitajifunga zenyewe, ndipo unaichota maji na inaelea. "Boti iliyokauka ni kama maharagwe," akasema. "Haipikwi bila kulowekwa."

Hapo ndipo nilipoharibu, na ilikuwa jambo dogo tu. Nilifikiria mahali penyewe pa kuisukumia, pale kando ya barabara ambapo kila mtu anayeenda kazini kwenye maua anapita, nikawaza boti yetu imezama pale wiki mbili, tanga halijawekwa hata, na watu wakisema fundi wa Nakuru amekuja na boti yake imekufa kabla haijaanza. (Nilikuwa nimeshatangaza, mjue. Nilikuwa nimeshaalika watu.) Nikasema, "Baba, hayo ni mambo ya kitambo. Siku hizi kuna bodifila."

"Boti si gari, Kamau."

"Wee tulia, mzee. Utaona."

Nikaziba kila ufa kwa bodifila, ikakauka ngumu kama jiwe, nikapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu, nikapuliza nyekundu mara tatu na kumalizia na vanishi. Na sikukomea hapo, maana mtu akishaanza ujinga huwa hakosi vifaa: nikaweka taa ndogo ndogo kwenye kajumba, spika mbili, na nyuma kwenye usukani nikafunga kiti cha mbele cha Probox, kile kinacholazwa nyuma, ili Baba akae kifalme. Siku ya kumwonyesha alipapasa ubavu wa boti muda mrefu. "Imependeza," akasema. Halafu akasema, "Lakini haijanywa."

"Itakunywa huko huko," nikamjibu, na watu wote uani wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Siku yenyewe ikawa Jumamosi asubuhi. Akina mama wa kanisa walikuja na vitambaa vyao, mchungaji akaja, shangazi mmoja akasimama mbele na simu akiwarushia laivu jamaa walio ng'ambo, na Nyambura akabeba ndoo ya waridi, yale ambayo hayakufaa kusafirishwa kwa sababu ya shingo fupi. Ndani ya kajumba kulikuwa na sufuria ya mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, na nyama choma niliyokuwa nimepitia Kikopey jana yake kuchukua, tule pale pale kwa Mama. Trakta ikasukuma boti majini, ikaelea, watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akaomba. Sala yake mnaijua, hajawahi kuwa na haraka, na wakati anaombea wasafiri wote wa nchi kavu na majini, boti yangu chini pale ilikuwa imeshaanza kazi yake.

Tulikuwa watatu tu: Baba kwenye kiti chake ameshika usukani, mimi kwenye kamba za tanga, Nyambura na mawaridi yake. Upepo ulikuwa mzuri. Nilimwona Baba akinyoosha mgongo, uso umemfunguka kabisa, na nawaambia sijawahi kumwona hivyo tangu Mama aondoke.

Halafu Nyambura akasema, "Kamau, viatu vyangu vimelowa."

"Ni umande," nikasema. (Umande! Ndani ya boti!)

Baada ya muda kidogo ukasikika mlio kutoka ubavuni, ta, halafu tena, ta, na kipande cha bodifila kirefu kama kidole kikapita mbele yangu kikiogelea, upande mmoja mwekundu. Mbao zilikuwa zinajipinda kwa mawimbi na ile bodifila haijui kujipinda, inajua kukatika tu. Baba hakupandisha sauti. "Geuza, Kamau. Bado tuko karibu."

Nikatazama ufukweni. Kwaya inaimba, vitambaa vinapepea, simu zimeinuliwa. "Baba, watu wanatuangalia," nikasema, na badala ya kugeuza nikavuta tanga likaze tufike haraka, boti ikalala ubavu, na zile mbao za juu, ambazo hazijaonja maji miaka yote hiyo, nazo zikaingia ziwani. Basi. Maji yakaja kutoka kila mahali. Nilichota kwa sufuria ya mukimo, mukimo wenyewe nimeumwaga ziwani, nyama ya Kikopey inaelea miguuni pa Baba, spika zimekatika katikati ya wimbo, na ndoo ya waridi ikapinduka, maua yakatoka nje yote kwa mara moja yakatawanyika juu ya maji.

Na ufukweni walipoona maua wakadhani tumefika, tumeweka shada. Wakapiga makofi. Wakaanza wimbo mwingine, ule wa kuonana ng'ambo, kwa sauti zote.

Boti ikashuka taratibu, ikagusa kitu kigumu, mabati yakalia chini, ikasimama hapo imeinama, maji yakitufika kifuani mimi na Nyambura, na Baba kiunoni juu ya kiti chake cha Probox. Alitazama huku na huku akipima mahali tulipo. "Hiki ni choo cha Mama Shiru," akasema, jirani yetu ambaye ziwa lilimfukuza kama sisi. Halafu akageuza kichwa. Mparachichi ulikuwa pale, karibu kama kutoka hapa mpaka kwenye lile lango. Kiboko alikohoa mahali fulani kwenye matete. Baba alikuwa anatetemeka na bado anautazama ule mti.

Boti ya watalii ikaja mbio, ya injini, imejaa wageni wenye kamera, na kijana anayeiendesha akazima injini akatuangalia. "Niaje boss. Hapo ni stage yenu, ndipo mnashukia?" Lakini alikuwa mtu mzuri, alimshika Baba kwa mikono miwili akampandisha, akamvulia jaketi lake. Baba alimwambia kitu sikioni. Yule kijana akanigeukia. "Mzee anasema kaburi la mathe liko hapo tu. Nimpitishe? Ni kuzunguka kidogo tu."

Sasa sikilizeni, kwa sababu hii haiko kwenye video. Kila kamera ya wale wageni ilikuwa usoni mwangu. Nina mukimo kwenye nywele. Ufukweni kwaya imenyamaza, wameelewa. Nilitaka kitu kimoja tu, kutoka hapo. Nikasema, "Hapana. Tupeleke nchi kavu, mzee anasikia baridi." Na kweli alikuwa anasikia baridi, hilo ndilo ninalojiambia usiku, lakini si hilo lililonifanya niseme. Nyambura alinitazama. Baba alikaa tu na jaketi la watu, amegeuka nyuma, akiutazama mti ukienda mbali.

Kifua kikamshika wiki hiyo, hakupona. Daktari alisema ni moyo, ungechoka tu, maji au bila maji, na Nyambura naye hajawahi kunilaumu, na afadhali angenilaumu. Tulimzika makaburi ya mjini, Nakuru, kwa sababu shamba letu ni ziwa.

Baada ya matanga nilirudi kwa ile boti, ambayo vijana walikuwa wameitoa juu ya choo na trakta ikairudisha uani. Nilikwangua bodifila yote kwa bisibisi, ufa kwa ufa, nikaweka pamba kama alivyoniambia, taratibu, nikaisukuma kwenye maji ya magotini kando ya barabara nikaiacha izame. Watu wa maua walipita asubuhi na jioni wakacheka. "Fundi, imekushinda?" Nikawajibu inakunywa. Ilipokunywa ikatosha nikaichota, ikapanda yenyewe, rangi imebabuka vibaya, haina sura.

Nimeapa mtu mzima akiniambia ngoja, nitangoja, na nikiambiwa geuza nitageuza, waangalie wanaoangalia. Lakini kiapo hicho kimekuja kimechelewa. Nilienda nayo mpaka kwenye mparachichi, peke yangu, bila injini, kile kiti cha Probox kikiwa wazi nyuma yangu. Nikamsalimia Mama kwa niaba yake. Halafu nikainama nikapitisha kiganja kwenye sakafu yote ya boti, mpaka chini ya kiti, nikitafuta hata tone. Palikuwa pakavu kabisa.