Vitu Juu ya Ungo wa Bibi

Nina picha moja ya rangi za maji ambayo sikuimaliza. Ina gamba la konokono, korosho ingali imeshikana na bibo lake, na fuvu la ndege lisilotiwa rangi, vyote juu ya ungo. Wageni wakiisifu natamani kuwafukuza.

Nilikuwa msichana wa sekondari Kibaha, nimekuja likizo kwa bibi yangu huko Marui, katika kijiji kipya walimohamishiwa watu wasiojuana. Mwalimu alikuwa ameniazima kisanduku cha rangi, akaniagiza nichore vitu vya porini. Nikaviokota, nikavipanga kwenye ungo wa bibi, nyuma ya nyumba. Nilipenda ule uduara wake tu, mjinga mimi. Wiki ile jirani alikuwa amezika mtoto, na pale hakuna asiyejua kwamba wachawi husafiri kwa ungo.

Mke wa jirani alipita kuchuma mchicha, akaviona, akapiga yowe. Nikaificha karatasi ndani ya khanga. Rangi haijakauka, wanaume wakajaa uani na magongo.

"Vya nani hivi?" aliuliza jirani, baba wa marehemu.

Akanigeukia, gongo juu.

"Vyangu," bibi akasema kutoka jikoni. "Huyo mwacheni, hajui kitu."

Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kulia. Niliusikia ukivunjika. La pili lilimpata mdomoni, akatema meno na damu. Fuvu la ndege lilisagwa na kiatu cha mtu ambaye asubuhi ile alikuja kutuomba chumvi. Nilitakiwa kuitoa ile karatasi na kusema ni vyangu, nachora, ni kazi ya shule. Basi. Nilijikojolea, nikanyamaza, huku wakimpiga mpaka wakachoka wenyewe. Mwenyekiti wa kijiji aliambiwa bibi kaanguka kisimani, akakubali.

Bibi aliishi miaka minne zaidi, akila kwa mkono wa kushoto, mwanamke aliyetugombeza utoto wetu wote kwa kosa hilohilo. Akipiga hodi kwa watu, hakuitikiwa. Nilijichukia, na bado najichukia.

Likizo yangu ya mwisho aliomba aione picha. Aliiweka mapajani, akaitazama muda mrefu.

"Umechora mpaka ufa wa ungo wangu," alisema. "Sasa mbona hukuwaonyesha, mjukuu wangu?"