Sala ya Ukurasa wa Tatu

Mwaka 2018 nilikuwa Mkenya pekee katika kanisa la Wakongo pale Malvern, mtaa wa wahamiaji huku kusini mwa bara, na kwa kuwa kazini kwangu Randburg nilihariri jarida la wafanyakazi, mchungaji aliniona msomi. Jumatatu moja alinipigia simu. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna mwanahistoria aliyeandika kitabu, akidai kuwa Kanisa la zama za kati lilikuwa na ibada ya kuwaunganisha wanaume wawili.

"Mama, tafuta ile kitabu, unifanyie muhtasari. Jumapili nitamupiga huyo mutu."

"Pasta, hayuko Malvern."

"Basi nitapiga kitabu."

Nilijua ngumi hiyo iliwalenga akina nani. Washonaji wawili kutoka Bukavu, wenye duka Jules Street, walikuwa wameishi chumba kimoja Jeppestown kwa miaka saba. Jeppestown watu hugawana vitanda kwa sababu ya kodi, na hakuna anayeuliza. Lakini kamati ya kutembelea waumini ilipofika kwao kunywa chai, mama mwenyekiti aliona kitanda kimoja, shuka lililotariziwa maua, na mito miwili inayofanana. Godoro la shida angelielewa. Maua yalimshinda. Kamati ikataka wawili hao wasimamishwe mbele ya kanisa Jumapili ya mwisho wa mwezi, waondolewe kwenye kwaya.

Kitabu nilikipata kwa rafiki anayefundisha chuo kikuu. Nilikisoma, nikaandika kurasa nne, kila ukurasa na kazi yake. Wa kwanza ulieleza mwandishi alichunguza maandiko gani. Wa pili ulieleza dai lake, kwamba ibada ile ilikaribia kuwa ndoa. Wa tatu ulikuwa na ibada yenyewe, niliyoieleza kwa Kiswahili changu. Wa nne ulikuwa wa wanaompinga, wanaosema ulikuwa undugu wa kiapo tu, au njia ya kupatanisha maadui.

Alhamisi nilikwenda kwa washonaji kupunguziwa gauni, karatasi mkononi. Mkubwa wao, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliimba besi. Mwenzake alikuwa na pini mdomoni tangu asubuhi, kwa hiyo hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Unaandika nini, mama?" aliuliza yule mkubwa.

Nilimwambia. Akaomba nimsomee. Nilipofika ukurasa wa tatu, alisimamisha cherehani.

"Mikono juu ya Injili?"

"Wa mmoja juu ya wa mwenzake. Halafu mishumaa. Padri anaomba wapendane siku zote bila chuki, kisha wanabusiana."

"Kanisani? Mbele ya watu?"

"Ndivyo inavyoelezwa. Wanabishana tu ilikuwa na maana gani."

Aliishusha miwani yake. "Wakinitoa kwaya, mama, nitaimba wapi? Huku sina mutu."

Mwenzake alitoa pini mdomoni. "Uko na mimi."

"Weye hata sauti hauna."

Akazirudisha pini.

Ijumaa nilimpelekea mchungaji kurasa zote nne. Jumapili alipanda madhabahuni na karatasi yangu moja tu, nami nikashusha macho. Badala ya kupiga kitabu, aliwaita mbele mashemasi wawili wazee, ambao hawakuwa wamesemeshana tangu Pasaka kwa ajili ya mahali pa kuweka spika.

"Nimepata sala ya Kanisa la zamani sana," alitangaza. "Iko muzuri kupita kiasi."

Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amesoma ukurasa wa tatu peke yake. Mchungaji wetu, ukimpa andiko lolote, hutafuta kwanza palipo na maombi. Mengine huyaita maneno ya watu.

Mashemasi waliweka mikono juu ya Biblia, wa mmoja juu ya wa mwenzake. Ikaletwa mishumaa tuliyoweka akiba kwa siku za umeme kukatwa. Mchungaji akawaombea wapendane maisha yao yote. Kwenye busu alisita, akaisoma tena karatasi. Wazee wakagonganisha vipaji vya nyuso mara tatu, kama wanavyosalimiana wanaume wa Kongo, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mama mwenyekiti alilia hadi leso ikalowa. Nimehudhuria harusi zilizopooza kuliko ile.

Ningeweza kumtajia dai la ukurasa wa pili. Badala yake nikapiga vigelegele na wengine.

Kelele zilipotulia, mshonaji mkubwa alisimama kwenye safu ya kwaya, akamvuta mwenzake kwa mkono wa shati.

"Pasta, na siye tunaomba hiyo maombi."

"Nyinyi muligombana?"

"Hapana. Tuko na amani miaka saba. Tunataka ibakie."

Mchungaji aliitazama mishumaa, ilikuwa bado inawaka. Akamtazama mama mwenyekiti, ambaye hakuwa amemaliza kulia. Akawaita. Sala ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Vipaji vya nyuso, mara tatu. Kanisa likasema amina kwa sauti ya chini kidogo, lakini likasema.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ilifika na hakuna aliyesimamishwa. Kamati iliona aibu kuwashtaki mbele ya kanisa watu iliokwisha kuwaitikia amina. Mashemasi, kwa upande wao, walikuwa wamerudia ugomvi wa spika.

Nilipokwenda kuchukua gauni, ukurasa wa tatu, nakala niliyomchapishia mshonaji mkubwa, ulikuwa ukutani juu ya cherehani, umebanwa kwa pini. Mchungaji alisimama chini yake akipimwa suruali. Alikuwa amesoma kurasa zote sasa. Nilijua kwa jinsi alivyokwepa macho yangu. Akatoa mfukoni ukurasa wa nne, umekunjwa mara mbili.

"Mubandike na hii," alimwambia mshonaji mkubwa. "Kamati ikikuja, muwaonyeshe. Inasema ni undugu."

"Asante, Pasta."

Mshonaji aliusoma wote polepole, kisha akaubana ukutani nyuma ya makoti ya wateja, mahali ambapo mtu angehitaji kuhamisha makoti sita ili auone.

Mchungaji alimwona.

"Kiunoni uniachie nafasi kidogo," alisema.