Kibati cha Mama

Tulikuwa wanne siku hiyo: mimi, mdogo wangu Wandera, na wageni wetu wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, Apio na mamake, rafiki wa marehemu mama. Niliwakumbuka majuzi, nilipoona miche yenye vibati ikiuzwa hapa kwetu Amagoro.

Niliwapeleka kutembea katika bustani ya miti ya misheni, iliyonukia mikaratusi na majani mabichi. Kila mti ulikuwa na kibati chenye jina refu la kigeni. Nilikuwa nimeacha shule ili nimlee Wandera, nikayasoma majina hayo kwa shida. Kwetu mti hupandwa kaburini. Kwa mama tulipanda lusiola. Basi nikamvua Wandera kofia.

"Usikanyage. Wazungu wamelala hapa."

"Wote hawa?" akanong'ona. "Walikula nini?"

Apio aliangua kicheko. Mamake hakucheka. Aliniuliza, "Na mti wa mama yako una kibati?"

"Hauna, mama."

Jioni alikata kibati kutoka mkebe wa mafuta, akachora jina la mama kwa msumari, akakitundika kile kibati kwenye lusiola.

Leo najua yale yalikuwa majina ya miti tu. Mama Apio naye amelala Tororo, chini ya mti usio na jina. Mkebe ninao, na msumari pia. Bado sijavuka mpaka.