Siku Mtani wa Baba Aliposema Pole

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa masika, nami nilikuwa msichana mkubwa ambaye bado hajaolewa, namuuguza baba yangu hospitalini Ifakara. Tulikuwa tumetoka Mchombe juu ya tela la trekta, maana barabara ilikuwa tope tupu, na kila tela lilipoyumba baba alishika tumbo. Daktari alisema kuna uvimbe ndani na lazima apasuliwe. Baba akasema sawa. Mimi ndiye sikuwa sawa. Nilikuwa nimeshasikia habari za watu waliopasuliwa, na masikio ya mwenye hofu huchagua zile zilizoisha vibaya tu.

Lazima nikuambie baba yangu alikuwa nani, kwa sababu si kila mgonjwa hufuatwa hospitalini na watu wa kamera. Mzee Kasiani alikuwa mkulima wa mpunga kama jirani zake wote. Lakini ujanani alicheza katika filamu ya kuchekesha iliyopigwa huku huku bondeni, ikaitwa Kuku wa Matanga. Yeye alikuwa mfiwa. Rafiki yake Mzee Mbano, Mngoni aliyekuwa fundi baiskeli pale Ifakara, alikuwa mtani wake, na hata nje ya filamu walikuwa hivyo hivyo. Sisi Wandamba na Wangoni tunataniana, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine angepigwa. Basi katika filamu ile Mzee Mbano anajilaza kaburini kabla maiti hajashushwa, anasema hatoki mpaka apewe kuku. Anapewa kuku, hatoki. Anaongezwa wa pili, hatoki. Mfiwa amejifunika kanga usoni, analia mabega yakitetemeka.

Gari la sinema lilizunguka na filamu hiyo vijijini miaka mingi. Shuka jeupe likitundikwa ukutani, watu walikuwa wanacheka hata kabla picha haijatulia. Baba hakuweza kwenda kununua chumvi bila mtu kujifunika uso na kujiliza mbele yake. Yeye alikuwa akinuna kidogo, lakini mimi mwanawe nilijua anapenda.

Sasa wiki ile ile baba alipolazwa, walifika watu kutoka Dar es Salaam, dada mmoja aliyeitwa Rehema na kijana wake wa kamera. Walitaka kutengeneza filamu ya kueleza jinsi Kuku wa Matanga ilivyotengenezwa, na waliwataka wazee wawili pamoja. Daktari alikubali wazungumze na baba barazani kwa muda mfupi, siku moja kabla ya kupasuliwa, mradi mwenyewe ana nguvu. Mimi sikupenda. Nilimwona baba akimeza uji kwa shida, nikawaza kwamba hawa wamekuja kumpiga picha za mwisho. Neno hilo "za mwisho" lilinikaa kichwani, nikawa hata kikombe nakiweka chini taratibu kana kwamba kelele ingemdhuru.

Siku ya kurekodi nilimkuta Mzee Mbano getini, ameegemeza baiskeli yake.

"Nasikia Mndamba wangu anataka kufa bila kuniomba ruhusa," alisema kabla sijamwamkia.

"Shikamoo, Mzee Mbano."

"Marahaba, Skola. Yuko wapi? Nimekuja kumpima urefu, wasije wakachimba shimo kubwa bure kwa mtu mfupi."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile sikuweza. Nilimshika mkono wa shati nikamwambia, "Mzee wangu, nakuomba sana. Leo usimtanie. Kesho anapasuliwa. Zungumza naye vizuri, kama watu wengine."

"Kama watu wengine?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nisaidie."

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akavua kofia yake kwa heshima. Nilifurahi, mwanangu. Niliona nimemlinda baba yangu.

Tukaingia. Mzee Mbano akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika mkono wa baba kwa mikono yake miwili. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, ndugu yangu Kasiani. Tumwachie Mungu."

Baba alikuwa ameanza kutabasamu alipomwona akiingia. Lile tabasamu lilikatika papo hapo. Akamtazama usoni, akanitazama mimi, akamrudia tena. "Umeniitaje?"

"Ndugu yangu."

Baba akavuta mkono wake taratibu na kugeukia ukutani. Muuguzi alipokuja na karatasi ya kukubali kupasuliwa, ili atie dole gumba, baba alikunja ngumi. "Nirudisheni Mchombe," alisema. "Kama nimeshakufa, nikafie kwangu. Msinikate bure." Muuguzi akambembeleza, mimi nikalia, haikusaidia. Daktari akasema hawezi kumpasua mtu asiyetaka, na uvimbe ule hautangoja wiki nyingine.

Nilimfuata Mzee Mbano nje, kule ndugu wa wagonjwa wanakopikia. Alikuwa amechuchumaa peke yake kando ya mafiga, na uso wake haukuwa wa mtani hata kidogo.

"Umeona tulichofanya?" aliniuliza. Ona ustaarabu wake, alisema "tulichofanya". "Mama yako alipofariki, nani alimkalia baba yako kichwani kwa utani? Mimi. Nyumba yenu ilipochukuliwa na mafuriko, nani alimwambia sasa umehamia kwa viboko, wenzako? Mimi. Tangu ujana wetu sijawahi kumpa pole. Leo nimempa. Unadhani amesikia nini?"

Nikachuchumaa kando yake.

"Amesikia kwamba hata Mbano amekata tamaa. Wewe, Skola, hofu ilikuwa yako, ukaichukua ukamvisha mgonjwa. Alikuwa na mtu mmoja tu asiyemwogopea, ukamgeuza naye awe mwombolezaji."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa, nimewahi kutukanwa. Maneno yale yaliniingia zaidi, kwa sababu hakuyasema kwa hasira. Nikamwomba arudi basi akamtanie. Akatikisa kichwa. "Sasa nikimtania atajua umenituma. Tayari ameshanusa."

Akainuka, akamwita Rehema. Akamwambia aweke kamera barazani, chini kabisa ya dirisha la baba, amuulize kile kisa cha kaburini. Rehema hakujua kilichotokea, alifurahi tu kwamba angalau mzee mmoja yuko tayari. Mimi nikarudi ndani nikakaa karibu na kitanda. Baba bado alitazama ukuta, na dirisha lilikuwa wazi.

"Lile wazo la kutotoka kaburini lilikuwa la nani?" Rehema aliuliza.

"Langu," akajibu Mzee Mbano. "Mwongozaji alisema nikipewa kuku nitoke. Nikaona hapana, hapa pana kichekesho zaidi. Nikabaki. Ni akili yangu tu. Yule Kasiani alikuwa analia lia pale juu, hajui hata afanye nini. Filamu nzima niliibeba mimi."

Nikaona sikio la baba limesogea. Nasema kweli, lilisogea.

"Kwa hiyo uliigiza vile bila kuelekezwa?"

"Kipaji, binti yangu. Wandamba wanajua samaki, kuigiza tuachieni sisi."

"Muongo!" Baba alikuwa amekaa. Sijui alikaaje na tumbo lile. Akashika ukingo wa dirisha akatoa kichwa nje. "Muongo mkubwa wewe! Ulikwama!"

Kamera ikageuka. Mzee Mbano akajifanya hasikii.

"Shimo lilikuwa jembamba," baba akaendelea, jasho likimtoka, "na huyu alikuwa amekula wali wa watu tangu asubuhi. Akalala, mabega yakabana. Kuku wa kwanza kaja, anataka kutoka, hawezi. Kuku wa pili, hawezi. Ananinong'oneza, 'Kasiani, niokoe,' na macho yamemtoka. Mimi sikulia hata tone! Nilikuwa nacheka ndani ya kanga. Kamera ilipozimwa tulimtoa kwa kamba ya mtumbwi, watu wanne, kama tunavua kiboko. Akanipigia magoti nisimwambie mtu. Nimenyamaza miaka yote hii, halafu leo anasema kipaji!"

Baraza lote lilicheka, wauguzi na wagonjwa. Mzee Mbano alisimama akilalamika kwa sauti kubwa kwamba amedhalilishwa, kwamba Mndamba akikaribia kufa huanza kutapika siri za watu. Bonde zima lilimheshimu kwa kisa kile, na alijua alichokuwa anakitupa ili baba ainuke. Nilimwona akifuta macho kwa kofia yake, wala hakuwa anacheka.

Baba akarudi kulala, anahema. Nilidhani amejiumiza. Akaniambia, "Skola, mwite muuguzi na karatasi yake. Siwezi kufa huyu akabaki anasimulia uongo."

Akatia dole gumba. Asubuhi yake alipasuliwa, nami nilikaa nje na Mzee Mbano tukiutazama mlango ule. Mlango ulipofunguliwa, yeye ndiye aliyekwenda kuuliza. Baba alikuwa mzima. Aliishi miaka mingi baada ya pale, akanioza, akawabeba wanangu.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, wewe ambaye siku moja utakaa kando ya kitanda cha mtu unayempenda. Usiingie kwake na uso ambao umeshamzika. Hofu yako ni yako, ipeleke jikoni, ipeleke nje, ililie huko, halafu unawe uso ndipo uingie. Na yule aliyezoea kumchokoza mwache amchokoze, yule aliyezoea kugombana naye mwache wagombane, kwa maana mgonjwa hupima hali yake kwa kutazama jinsi tunavyomtendea. Mimi nilitaka kumlinda baba kwa heshima, nikakaribia kumpoteza kwa heshima hiyo hiyo.

Mungu akujalie umri, mwanangu, na akujalie watu wa kukuheshimu. Lakini zaidi ya hao, siku utakayokuwa unaogopa kuliko siku zote, akuletee mmoja atakayeingia mlangoni bila kuvua kofia.