Nilimwambia Nimemwona Mama Yake

Admin, ukiiweka hii ondoa jina langu, na hata la rafiki yangu nimelibadilisha. Mimi ni Mkenya, miaka 32, huu ni mwaka wa saba niko Kampala. Nauza mabegi kwenye duka la mtu Nakivubo na nimepanga chumba Kansanga. Sijaolewa, sina mtoto, na kabla hamjaanza kunitukana huko chini, jueni nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Jirani yangu, ukuta mmoja, nimwite Furaha. Ni Mkongomani wa Goma, mkimbizi, anasuka nywele hapahapa mtaani. Huyu amenifaa kuliko ndugu. Nilipougua taifodi ndiye aliyenipikia uji na kunifulia mpaka nguo za ndani. Mwaka juzi tukaanza kupanga safari ya kuzunguka: Kampala mpaka Kigali, tushuke Tanzania hadi Mwanza, tutokee Kisumu, turudi kwa kupitia Busia. Kila mtu begi moja la mgongoni, mabasi ya bei ya chini, kulala nyumba za wageni za kanisa, chakula ni karanga na chapati zetu wenyewe. Kila Jumapili tulikaa mkekani na daftari tukibishana. Mimi nilikuwa natafuta tu wapi ni rahisi. Yeye alishikilia jambo moja: tukifika Rwanda tupitie Gisenyi, maana ni kuvuka tu kutoka Goma, na mama yake angekuja asubuhi na kurudi jioni kama wanavyofanya wachuuzi. Walikuwa hawajaonana miaka tisa.

Sasa ujuaji wangu ndio ulioharibu. Furaha alikuwa ameomba hati ya kusafiria ya wakimbizi na ilikuwa haijatoka. Akaniomba tungoje. Mimi, likizo yangu bosi ameshaikubali, nikamwambia, "Wee, mpaka huo watu wanavuka na kitambulisho tu! Tutaongea nao." Sisi Wakenya tumezoea kupita na kitambulisho, nikadhani kadi yake ya ukimbizi nayo ni hivyohivyo. Tulipofika Katuna, mpakani na Rwanda, afisa akaiangalia, akamrudishia kwa upole, akasema hiyo haimvushi. Basi linapiga honi. Furaha akatoa sweta alilomnunulia mama yake, akanipa, akanishika mikono yote miwili. "Dada, weye uende. Miye nitarudia hapa. Lakini ufike kwa mama, umuangalie muzuri na macho yako, njo itakuwa sawa miye njo nimemuona." Yaani nikimwona mimi, ni kama amemwona yeye. Nikapanda basi, na kupitia dirishani nikamwona anarudi na begi lake mgongoni.

Kigali nililala vizuri kabisa, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu. Asubuhi ilikuwa niende Gisenyi. Nikaanza kujisemesha: kwenda na kurudi siku mbili zimekwisha, Mwanza nitaipitia mbiombio, na safari hii nimeingoja mno. Tena, nitamtazamaje mama wa watu aliyekuja kumwona mwanawe, akanikuta mimi na sweta? Nikakata tiketi ya kwenda Rusumo, mpakani na Tanzania. Basi lilikuwa halijatoka stendi simu ikaita. Alikuwa jirani wa yule mama, ambaye ndiye mwenye simu; Furaha alikuwa amempa namba yangu. "Mama ameisha kuvuka, tuko naye hapa ku mupaka. Weye uko wapi?" Nikasema sisikii, mtandao mbaya. Nikazima simu. Nilikuwa nasikia kila neno.

Jioni nilipoiwasha, Furaha ndiye wa kwanza kupiga. Alisema amempigia yule jirani tangu mchana bila kumpata, mtandao wa kwao siku zile ulikuwa unakatika kila mara. "Umemuona?" Nilitaka kusema ukweli, Mungu ni shahidi, lakini nilipofungua mdomo nikasema nimemwona. Alilia, na mimi nikalia. Akauliza alivaa nini. Nikasema kitenge cha kijani. Amekonda? Nikasema hapana, ana afya. Nikajua kesho yake nitaumbuka, lakini mtandao haukurudi, na wiki ileile mapigano yakafika kwao na ile namba haikupatikana tena.

Niliporudi Kampala, Furaha alikuwa ameshajishonea kitenge cha kijani. Akasimama kanisani kwao kutoa ushuhuda, kwamba Mungu amemwazima macho ya rafiki yake akamwona mama. Watu wakapiga makofi, wengine wakanigeukia wakitabasamu. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Sweta lile ninalo mpaka sasa, nimelificha dukani ndani ya begi ambalo haliuzwi. Mtu huyu bado ananigongea mlango kila asubuhi kunipa chai, na mimi naipokea.

Wiki iliyopita mjomba wake amefika Kampala na habari kwamba mama amefariki kwa ugonjwa, na wameshamzika. Matanga ni Jumamosi, hapa uani kwetu. Jana Furaha aliingia chumbani kwangu, macho yamevimba, akakaa kitandani kwangu. "Dada, sisi bote hatukumuona. Weye njo wa mwisho. Utasimama utuelezee namna alikuwa, sauti yake, na kama alicheka." Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini?

Mjomba sijui anajua nini kuhusu siku ile. Nikisimama, nitamsifu marehemu ambaye sijawahi kumwona, mbele ya watoto wa ndugu zake. Nikisema ukweli, Furaha atajua kwamba mama yake alikaa mpakani akimngoja mtu aliyezima simu, na hatakuwa hata na kile kidogo nilichompa cha uongo. Nampenda huyu dada. Nimemkosea yeye na mama yake, na mama hawezi tena kuombwa msamaha.

Leo ni Alhamisi. Ninyi mliofiwa na mzazi mkiwa mbali ndio ninaowauliza hasa, wengine mtanisamehe: mngekuwa Furaha, mngetaka kuambiwa?