Sabato Iliyolinda Puto

Ninapobandua nailoni nyembamba juu ya kioo kipya cha simu, wakati mabati ya kibanda changu hapa Migori yamepata joto kali, hutoka harufu hafifu kama ya ndoo mpya iliyosahauliwa juani. Wateja hawaisikii. Mimi huisikia, na mikono yangu husimama kidogo. Kisa cha harufu hiyo nimekianza mara nyingi nikakifuta, kwa sababu mimi ni mtu wa kuogopa kukosea hata nikiwa peke yangu. Leo nitakiacha kama kitakavyotoka.

Tulikuwa tumehamia Ogwedhi kutoka Kosele, upande wa Homa Bay, baba alipoanza kuuza chumvi na kamba katika soko la mifugo. Watoto wa pale hawakunichukia. Walikuwa tu hawana haja nami. Waliniita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, na jina langu halisi likakaa nyumbani kama nguo ya kanisani. Nilicheza na redio ya baba. Redio ndiyo iliyonieleza kwamba kuna maputo makubwa yanapita juu ya nchi yetu, juu kuliko ndege, yakigawa mtandao kwa watu wasio na minara. Kila siku nilitazama juu. Shingo iliniuma na sikuona kitu.

Sabato moja nilibaki nyumbani kwa sababu ya tetekuwanga. Sisi ni Waadventista, na majirani wengi pia, kwa hiyo kijiji chote kilikuwa kimya, kila mtu kanisani. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikijikuna nilipoliona puto. Lilishuka polepole, kubwa, jeupe, lenye kupitisha mwanga, kama ganda la kitunguu ambacho mtu amekimenya mbinguni. Chini yake lilining'inia sanduku. Likalala juu ya mtama wa jirani yetu Mama Dorika bila kishindo.

Nilifika wa kwanza. Nailoni ilikuwa na joto, na harufu ile. Nilianza kukunjua mikunjo na kuweka mawe pembeni ili upepo usiipasue. Jiwe likikaa upande nililirudia. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: likikutwa zima na wenyewe, litarushwa tena.

Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, viatu mkononi, Biblia kwapani. Nikaona macho yao yakipima. Nailoni kama ile, ngumu na pana, Ogwedhi ilikuwa na kazi mia. Lakini ilikuwa Sabato. Hakuna kukata, hakuna kubeba, hadi jua litue. Kwa hiyo wakasimama tu wakilizunguka, wakingoja.

Aliyekuwa huru ni Baba Pius, muuza nyundo na visu, ambaye ni Mkatoliki. Alikuja na kisu kiunoni akachuchumaa.

"Baba Pius," akasema Mama Dorika, shemasi wetu, "hilo limeanguka kwenye mtama wangu."

"Kwani nimegusa, mama? Naangalia. Macho yangu yanakata?"

"Yako yanakata."

Watu wakacheka. Baba Pius kwa aibu akapanda kichuguu, mahali pekee ambapo simu zilishika mtandao, akapiga nambari iliyoandikwa kwenye sanduku. Kitu kilichotumwa kuleta mtandao kilikuwa kimeangukia mahali ambapo mtu hupanda kichuguu kukiripoti. Akashuka. "Wanasema wanakuja leo."

Leo! Nikageukia barabara, na sikuiacha tena.

Kungoja kukawa kurefu, na watu wakaanza kuuliza. Kulikuwa na mtu ndani? Huko juu kuna baridi? Mama Dorika alilitafuta katika unabii, akafungua hapa na pale, hakuona linapoingia. Ndipo mama yangu akasema, "Huyu wangu husikiliza mambo hayo kwenye redio."

"Haya, Nyar Kosele, tuambie," akasema Baba Pius.

Nikawaambia, uso umejaa vidonda. Kwamba lina hewa nyepesi. Kwamba halina injini, husukumwa na upepo, na kwamba huko juu upepo huenda pande tofauti, kwa hiyo hupanda au kushuka kutafuta ule wa kulipeleka.

"Limetoka nchi gani?"

"Sijui."

Neno hilo huwa linanichoma. Siku ile hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja alisema, "Hata sisi hatujui," na wote wakainua nyuso wakatazama juu, watu wazima, viatu mkononi, kana kwamba pangeshuka lingine lenye jibu. Niliwatazama wao. Sikujikuna hata kidogo.

Jua likashuka. Barabara ilikuwa tupu. Mama Dorika akaanzisha wimbo wa kufunga Sabato, na kwa mara ya kwanza nilitaka nyimbo zetu ziwe ndefu zaidi. Wakati wa sala nilifumbua macho, nikitafuta vumbi la gari. Hapakuwa na vumbi. Wakasema amina, na kabla mwangwi haujaisha nikasikia nailoni ikichanika.

Nililala kifudifudi juu ya kona niliyokuwa nimeiwekea mawe. Mama akaja na kisu cha jikoni.

"Inuka, nyathina, mwanangu," akasema bila ukali. "Jikoni kunavuja."

Niliinuka. Akakata mstari ulionyooka vizuri kuliko wa wote, na sikusema naye hadi Jumatatu.

Jumatatu ndipo wenyewe walipofika, vijana wawili wenye adabu, kwa pikapu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwaombea msamaha watu wangu. Hawakuuliza hata nailoni iko wapi. Walilichukua sanduku, wakanipa biskuti.

"Mtarusha lingine lini?" nikauliza.

Mmoja akamtazama mwenzake. "Hakuna lingine. Mradi unafungwa, haulipi. Mtaletewa mnara."

Biskuti ile ilinishinda kumeza. Kwa miaka nililaumu visu, hadi nilipoelewa kwamba hata lingebaki zima, lisingerudi juu. Lilikuwa limeshakatwa mahali pengine, na watu ambao hawakuwa na paa linalovuja.

Mnara ulikuja kweli. Nilijifunza ufundi wa simu kwa video, peke yangu, nikirudia kila moja hadi nichoke, na leo mtandao uko mkononi mwa kila mteja wangu. Wanautumia kubashiri mpira. Nami kibandani husoma kwamba wako watu ambao bado wanatuma vyombo mwezini na mbali zaidi, na hufurahi, kisha hutafuta wa kumwambia. Nikimwambia mteja, huuliza, "Na huko kuna nini?" Nikisema sijui, hucheka, huchukua simu yake. Nilikuwa nikiamini kwamba alasiri ile ya kuinua nyuso iligawanywa vipande pamoja na puto, kila mtu akaenda na chake, mimi nikabaki na mshangao wote peke yangu.

Mvua zilizopita nilikwenda nyumbani. Tulikaa jikoni, matone yakipiga ile nailoni juu yetu, sasa nyeusi kwa masizi, bado haivuji. Mama alikuwa akikoroga kisha akaacha, akatazama juu.

"Hivi lilifika juu kiasi gani, hili?" akauliza. "Kila mvua ikinyesha huwa najiuliza."

Kila mvua. Miaka yote hiyo, na sikuwahi kumuuliza anawaza nini chini ya paa lake.

"Mahali ambapo hata mchana, mama, anga huanza kuwa jeusi."

Akanyoosha mwiko kuelekea masizi. "Jeusi kama haya?"

Nikavuta kigoda karibu naye.