Jinsi mjomba wangu dalali wa ngamia alivyoniombea minor kwa vidole, Garissa miaka ya tisini

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa "mambo vipi" nao nawasalimu.

Kuna kijana ameuliza humu jinsi ya kupanga minor ya global health akiwa bado digrii ya kwanza. Mkampa majibu ya maana kabisa: angalia credits, ongea na advisor, chagua kozi mapema. Mimi nikacheka peke yangu hadi mume wangu akauliza kama nimepata mchumba humo kwenye simu.

Wacha niwape ya kwangu. Chumvi sitaongeza, wallahi, kwa sababu yenyewe imekolea. Majina tu ndiyo nimeficha, maana mhusika mkuu yuko hai, ana simu kubwa, na akisoma atalalamika kwamba nimempunguzia sifa.

Basi.

Mimi ni binti wa Garissa. Wakati huo niko mwaka wa pili chuo kikuu Nairobi, nasoma sosiolojia. Idara ikatangaza kuna minor mpya, yaani somo la pembeni ndani ya digrii, ya afya ya kimataifa, hii mnayoita leo global health. Nafasi chache, na kila anayetaka aandike mpango wake.

Niliitaka ile minor kufa na kupona. Na sababu yake alikuwa ayeeyo.

Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali. Huyu alikuwa mama yake baba, mwembamba, mkali, mwenye ngamia na mbuzi. Alipatikana na kifua kikuu, akaanza dawa kliniki ya Garissa. Baada ya muda mfupi akapata nguvu, kikohozi kikapungua. Halafu mvua ikanyesha upande wa Diff, kule mpakani na Somalia. Ayeeyo akafunga mzigo akafuata ngamia wake. Dawa akaacha.

Nilipoenda kuuliza kliniki, nesi akaniambia kwa upole kwamba huyo wamemweka kwa wagonjwa waliopotea.

Jamani, nyanya yangu hajawahi kupotea maishani mwake. Anajua kila kisima kutoka Bura hadi ng'ambo. Waliopotea ni sisi tuliokuwa tunamtafuta mjini. Lakini nililia siku ile, kwa sababu nilijua kifua kikuu cha dawa nusu kinarudi na hasira.

Kwa hivyo nikaandika mpango wangu kwa moyo wote. Niliweka malaria, maji, watoto, wakimbizi, vita, chanjo, na ukurasa mzima juu ya amani duniani. Mhadhiri aliyesimamia minor, nitamwita Daktari, aliusoma wote akavua miwani.

"Dada," akasema, "humu umetibu dunia nzima, hujabakisha mgonjwa hata mmoja. Nataka kitu kimoja. Kimoja tu, cha kwenu, ambacho mtu wa Nairobi hawezi kukifikiria."

Bahati ni kwamba likizo hiyo alikuwa na kazi zake Garissa. Akasema tutaonana huko, nimpe hicho kitu kimoja. Nikikosa, nafasi iliyobaki anampa mwingine, nami nibaki na sosiolojia yangu.

Nikaenda nyumbani na msafara wa mabasi, askari mbele kwa ajili ya majambazi, vumbi katikati, kichwa changu kitupu kabisa.

Nilipofika nikafanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu anaweza kulifanya. Nilieleza familia minor ni nini.

Nikaona nitumie lugha ya nyumbani. Nikasema, digrii ni ngamia jike, na minor ni ndama anayemfuata.

Subhanallah. Si kikao kikaanza!

Baba akauliza huyo ndama ana umri gani. Hooyo, mama yangu, akauliza kwa nini nipewe ndama wa bure, nimewafanyia nini hao watu. Shangazi akataka kujua, huyo ngamia mama akifa, ndama ataishi? Nikajibu yote kwa heshima huku najuta.

Ndipo abti akaweka kikombe chini.

Abti ni mjomba, kaka wa mama. Abti Dahir alikuwa dalali soko la mifugo la Garissa, na si dalali wa mchezo. Mtu mrefu, ndevu nyekundu za hina, sauti ya spika ya msikiti, na Kiswahili chake P ni B, V ni F.

"Nani anauza?" akauliza.

"Hakuna anayeuza, abti. Ni Daktari mmoja anakubali au anakataa."

"Dalali wake nani?"

"Hakuna dalali."

Abti akanitazama kwa huruma ya kweli. Akawageukia wengine. "Kwa hifyo mtoto yetu ameenda sokoni beke yake. Na mko hai nyote."

Nieleze kidogo kwa wasiojua soko letu. Kule mwenye mnyama na mnunuzi hawauziani uso kwa uso. Kati yao anasimama dalali. Dalali ndiye anayeapa kwamba mnyama si wa wizi, kwa hivyo lazima amjue mwenyewe: ni wa nani, analisha wapi, anahamia wapi mvua ikikatika.

Na bei haitajwi kwa mdomo. Mnashikana mikono, dalali anaifunika na shuka lake la begani, halafu vidole vinaongea. Ukifinya kidole kimoja ni moja, kiganja chote ni tano. Mdomo unaulizana habari za mvua tu ili wasikilizaji wasijue kitu. Mkifinyana mara ya mwisho na kuachana, imekwisha. Neno la mkono halirudi. Ukilirudisha, utatafuta soko lingine la kuuzia mbuzi wako, na pengine mke mwingine.

Abti akatangaza kwamba yeye ndiye dalali wa minor yangu. Nilikataa, nikabembeleza, nikatishia kurudi Nairobi. Hooyo akaniambia, "Naa, wewe msichana, kaa chini, mjomba wako hajawahi kupata hasara." Nikakaa.

Siku ya Daktari ikafika. Nilikuwa nimepanga tukutane hotelini tunywe chai kistaarabu. Abti alikuwa amepanga vingine. Alimsubiri mlangoni, akamchukua mkono, tukajikuta sokoni katikati ya ngamia.

Daktari alikuja na shati jeupe na kofia ya jua. Mtu mwema, msomi, na bahati mbaya alikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba mgeni lazima aheshimu mila za wenyeji.

Abti akamshika mkono. Shuka likashuka juu ya mikono.

Nikajishika kichwa.

"Brofesa, karibu Garissa," akasema abti. "Kwenu mfua imenyesha?"

"Imenyesha, asante," akajibu Daktari, anatabasamu.

Chini ya shuka abti akafinya. Baadaye aliniambia alianza na kozi tano, ili akishushwa ashuke hadi tatu. Daktari, masikini, alidhani ndiyo salamu ya Kisomali. Na salamu inajibiwa kwa salamu bora, sivyo? Akafinya kiganja chote. Kisha, kwa ukarimu, akafinya tena.

Kumi.

Wakuu, nilimwona abti akishtuka mara moja tu maishani mwangu, na ni siku hiyo. Macho yalimtoka. Dalali mzoefu, miaka yote hajawahi kuona mnunuzi anapandisha bei ya kujiumiza mwenyewe. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mifugo ya huko, wazima?"

"Wazima kabisa," akasema Daktari, akautikisa mkono ili kuonyesha moyo.

Abti hakungoja. Akafinya mara ya mwisho, akaachia, akafunua shuka. "Kumi! Allah abariki!"

Soko zima likaitikia amin. Mzee mmoja akambusu Daktari begani. Mama wa maziwa ya ngamia akamletea kikombe. Daktari akanigeukia huku anacheka, akaniuliza amefanya nini.

"Daktari," nikasema, "umenipa minor. Kozi kumi."

"Minor ina kozi sita!"

"Ndiyo, Daktari."

"Na sijakupa! Hujaniambia hata hicho kitu kimoja!"

Aliongea Kiswahili safi, kwa hivyo soko zima lilisikia. Mtu kurudisha neno la mkono mbele ya mashahidi! Wazee wakaanza kukusanya fimbo zao, si za kupiga, ni za kuegemea kikaoni. Abti uso ukamshuka. Na hapo nikaona wazi kwamba minor imeniponyoka: nikimlazimisha Daktari, atanichukia; nikimwachia, abti ataaibika.

Nikaangalia chini. Mbele yangu kulikuwa na beberu mweusi mwenye sikio lililochanwa, alama ya mbuzi wa ayeeyo. Najua alama hiyo tangu utotoni.

"Abti," nikauliza, "huyu mbuzi ameletwa na nani?"

"Kijana wa Diff. Ayeeyo yako amemtuma. Nimeuza wenzake wiki iliyobita."

"Wiki iliyopita! Na unajua ayeeyo alipo?"

Akanishangaa. "Sasa nitauzaje mbuzi ya mtu ambaye sijui aliko?"

Ai! Mimi nimelia kliniki, baba nikimuuliza mama yake yuko wapi anaonyesha Somalia yote kwa mkono mmoja, kumbe mjomba wangu anauza mbuzi wake na kumtumia sukari!

Hakuwa ameficha. Hakuna aliyemuuliza. Kliniki haiulizi madalali, na madalali hawajui kliniki inamtafuta nani.

Nikamgeukia Daktari. Maneno yalitoka yenyewe, bila hata ukurasa mmoja wa amani duniani.

"Daktari, kitu changu kimoja ni hiki. Nyanya yangu ameandikwa amepotea, dawa yake iko nusu. Hapa sokoni hajapotea hata siku moja. Mfugaji anaweza kukimbia sindano, anaweza kuvuka mpaka, lakini hawezi kumkimbia dalali wake, maana mbuzi lazima auzwe. Nataka kusoma jinsi ya kumfikia mgonjwa anayehama kupitia soko."

Daktari akavua kofia. Akauliza swali zuri, na mpaka leo namheshimu kwa hilo: kifua kikuu kwetu ni aibu, je, dalali aambiwe nani anaumwa?

Kabla sijafikiri abti akadakia. "Mimi nikitumwa, natuma neno moja: njoo, mtoto yako anakuita. Kwa nini anaita, hiyo si bei yangu."

Kijana wa Diff akaitwa pale pale. Akasema ayeeyo yuko kisimani, anakohoa, na amegombana na kisima kizima kwa sababu ya ndoo. Nikajua ni yeye.

Daktari akacheka hadi machozi. Akampa abti mkono, wazi, bila shuka. "Nimempa. Lakini ni sita, mzee. Kumi hazipo duniani."

Abti akafikiri. "Sawa. Hizo nne atazichukua baadaye."

Wazee wakarudi kwenye chai yao.

Ujumbe ukaenda Diff na yule kijana. Ayeeyo akaja juu ya lori la mbuzi, amekonda, anakohoa, anamtukana dereva. Nesi akamweleza kwamba sasa anaanza upya, miezi minane, bila kuruka. Ayeeyo akasema yeye atakunywa mpaka mvua, basi.

Tulimwomba sote. Baba aliomba, imamu aliomba. Alikuwa ametazama ukutani.

Mimi nikachukua shuka la abti. Nikakaa mkekani karibu naye, nikamshika mkono, nikafunika.

"Ayeeyo, huko Diff mvua imenyesha?" nikamuuliza.

Akanitazama. Halafu mdomo ukacheza kidogo. "Imenyesha," akasema, na chini ya shuka akanifinya vidole vitatu.

Nikafinya vinane. Akafinya vinne. Nikafinya vinane. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, mifupa mitupu, nami nilikuwa nalia huku namuuliza habari za malisho. Akafinya sita. Nikafinya vinane, nikakataa kuachia.

Alikohoa kwanza, akamaliza. Kisha akafinya kiganja chote, na vidole vitatu, polepole, kimoja kimoja. Akaachia.

"Wewe ni dalali mbaya," akaniambia. "Hushuki hata kidogo."

Mvua ilinyesha, ngamia wakaondoka. Ayeeyo alikaa mjini akiwalaani ngamia, mvua na mimi, lakini dawa hakuacha hata siku moja. Neno la mkono halirudi. Alipona, akaishi, akahudhuria mahafali yangu na kulalamika kwamba chakula hakina nyama.

Na nilipomaliza masters miaka kadhaa baadaye, abti aliniuliza nilisoma kozi ngapi. Nikamtajia. Akasema vizuri, Brofesa amemaliza kulipa zile nne.

Kwa hivyo kijana uliyeuliza, credits angalia, advisor muone. Lakini usianze na dunia. Anza na mtu mmoja anayekohoa, uulize nani anajua aliko.

Waliosoma mambo ya afya humu, nyinyi mlianzia kwa nani? Na watu wa Garissa, Wajir na Mandera njooni mseme kama nimedanganya.

Wengine mkitembelea soko letu, karibuni sana. Ila mzee akikufunika mkono na shuka, mjibu habari za mvua, na usifinye kitu.